Nusu ya Mkate Iliyobaki

Maiti ya Syokau ilirudi Kitui juu ya lori lile lile lililompeleka matembezi akiwa hai, akiimba. Ripoti ya polisi wa pwani, ya Agosti 1978, ilikuwa na maneno matatu: "Ajali. Kufa maji." Chini yake mhuri, basi.

Inspekta Muthama aliisoma mara mbili akaitupa mezani. Maneno matatu kwa binti wa miaka ishirini na minne! Mbuzi akiibwa Migwani huandikiwa ukurasa mzima.

Mama wa marehemu, Kaluki, alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo tangu basi la kwanza lilipoingia kutoka Kabati. Hakuwa akilia. Machozi yalikuwa yamemwishia.

"Afande, waimbaji wa kanisa walienda pamoja. Wamerudi wote, wangu tu ndiye ameletwa kwa sanduku. Leo saa tisa tunazika, na Mwinjilisti Jonah ndiye ataongoza ibada. Wakishafukia, nani atauliza tena?"

"Rudi nyumbani, mwaitu," Muthama alimwambia, akimwita kama angemwita mama yake mzazi. "Kabla ya saa tisa nitakuwa huko."

Alianzia mochari, kabla sanduku halijachukuliwa. Daktari Wangui alikuwa amemaliza uchunguzi.

"Alikufa maji, hilo ni kweli," daktari alisema. "Mapafu yana maji ya chumvi. Lakini ona hapa."

Alishusha soksi ya mguu wa kushoto. Ndani kulikuwa na bandeji, imezungushwa kwa ustadi na kufungwa fundo.

"Kifundo kiliteguka akiwa hai. Uvimbe kama huu hauji kwa dakika tano. Huu mguu haungekanyaga chini."

"Kwa hiyo kuna mtu alimfunga."

"Alimfunga, tena vizuri. Halafu akaenda zake."

"Na wenzangu wa pwani hawakumvua hata soksi! Shenzi kabisa!"

Saa tano alikuwa Kabati. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani kwa Kaluki, waimbaji wakiwa na skafu zao za kijani. Muthama alimwita Mutindi, kiongozi wa kwaya, nyuma ya jiko.

"Nieleze safari."

"Tulienda hifadhi ya wanyama, afande, kule juu pwani, mahali jangwa linaishia baharini. Kuna visiwa vya ndege na kasa. Maji yakipwa unavuka kwa miguu juu ya fungu la mchanga. Askari wa hifadhi alituambia tuvuke tukirudi mapema, saa tisa yakijaa hilo fungu halionekani tena."

"Mlimwelewa?"

"Wazee wetu Kiswahili cha pwani kinawapita. Mwinjilisti alitafsiri."

"Kwa hiyo alijua. Nani alikuwa na dawa na bandeji?"

"Yeye."

"Nani alitoka kisiwani mwisho?"

"Yeye. Alisema mchungaji hutembea nyuma ya kondoo. Alikuja na gunia mgongoni, akasema ni makombe ya baharini ya watoto wa Sunday school."

"Na Syokau?"

"Tulimuuliza. Akasema ameteguka mguu, amepanda mbele kwa dereva. Tulipofika Malindi ndio tukajua hayuko. Tukageuza lori, tukakuta askari wa hifadhi wameshamtoa majini."

Dereva, Ndungu, alikuwa ameketi kando ya lori lake, hataki kuingia uani. Tangu arudi chakula kilikuwa hakimpiti.

"Mbele ulikaa na nani?"

"Mwinjilisti peke yake."

"Syokau?"

"Aliniambia yuko nyuma na akina mama."

Muthama alimtazama. Nyuma waliambiwa yuko mbele, mbele wakaambiwa yuko nyuma. Mtu aliyesahau hasemi uongo wa aina hiyo.

"Kwa nini hamkuhesabu watu?"

"Nilitaka kuhesabu, afande. Akanikemea mbele ya watu. Akasema Wakamba hawahesabiwi kama mbuzi."

Hapo ndipo Muthama alikasirika kweli. Yeye mwenyewe ni Mkamba. Mama yake alizaa tisa na hakuwahi kutaja tisa. Jioni aliita majina tu, mmoja mmoja, kwa sababu kuhesabu watoto ni kuita kifo. Ni mila ya watu wenye kupenda watoto wao. Na huyu mtu alijificha nyuma ya mila hiyo!

Alimrudia Mutindi. "Mlikula nini mkiondoka?"

"Mkate na chai baridi. Nusu mkate kila mtu. Mwinjilisti alikata asubuhi, akatugawia tukipanda lori."

"Ilibaki?"

Mutindi alishika skafu yake.

"Ilibaki nusu moja. Nilidhani anampelekea Syokau mbele. Akamtupia mbwa wa askari pale getini. Asi! Afande, niliona kwa macho yangu na sikufikiria kitu!"

Jonah alihojiwa chumbani kwa Kaluki, akiwa na koti jeusi na Biblia magotini. Nje kwaya ilikuwa ikijaribu wimbo wa maziko.

"Watu hukuhesabu, sawa," Muthama alisema. "Mikate ulihesabu?"

"Sielewi, afande."

"Nusu iliyobaki ilikuwa ya nani?"

Jonah alilamba midomo. "Bahari ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu hakufunga bandeji! Ya nani?"

Konstebo ambaye Muthama alimtuma nyumbani kwa Jonah aliingia na gunia alilolitoa chini ya kitanda chake, akalimwaga sakafuni. Hapakuwa na kombe hata moja. Yalikuwa magamba mawili makubwa ya kasa, bado yana nyama iliyooza. Chumba kizima kikanuka.

Jonah aliyatazama, kisha akafunga Biblia.

"Kuna tajiri Mombasa alikuwa ameyaagiza," alisema polepole. "Syokau aliteguka tukiwa nyuma, pale kwenye fungu la mchanga. Nikamfunga. Nilipotoa bandeji guniani akaona. Akasema atamwambia askari getini. Afande, Jumapili ijayo nilikuwa niwekewe mikono, niwe mchungaji. Miaka kumi na moja nimengoja!"

"Ukamwambia nini?"

"Akae pale, nitarudi kumbeba."

"Hakuogopa?"

"Hakujua. Huku kwetu mto mkavu wa mchanga ukifurika unausikia tangu mbali. Yale maji huja kimya. Alikuwa amekaa akitazama ndege."

"Ungeweza kumbeba?"

"Alikuwa mwepesi."

"Mbona hukumbeba?"

Jonah aliinamisha kichwa.

"Mgongo ulikuwa na gunia."

Muthama alisimama, kiti kikaanguka. Mkono wake ulikuwa umeshainuka. Akaushusha, akachomoa pingu, akamfunga bila neno, kwa sababu angefungua mdomo angemuua.

Walipotoka nje wimbo ulikatika. Muthama hakutafuta maneno ya kupaka asali. Alimwambia Kaluki yote: mguu, mchanga, gunia, mkate, mbwa.

Kaluki alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda kwa kwaya iliyojipanga mstari, akaanza kumgusa kila mmoja begani.

"Mmoja. Wawili. Watatu."

"Aka! Mama anahesabu watu!" mzee mmoja alipiga kelele. Mutindi alijifunika uso kwa skafu. Kaluki hakugeuka. Aliendelea mpaka mwisho wa mstari, akarudi na kusimama mbele ya Jonah.

"Kumi na mmoja," alisema. "Wa kumi na mbili yuko ndani ya sanduku. Umeona, Jonah? Haichukui hata dakika moja."

Muthama akamwingiza Jonah ndani ya Land Rover. Saa tisa Syokau alizikwa, na ibada iliongozwa na mama yake.