Masikio ya Baba

Kila jioni, kabla sijafungua daftari la shule, nilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wetu nikimsubiri baba arudi kutoka kiwanda cha chuma. Akitokea tu kwenye kona nilimkimbilia, nikampokea mfuko wake, kisha nikatembea upande wake wa kulia. Mtu akitusalimu, mimi niliinamisha kichwa kidogo. Baba akiona hivyo alijibu papo hapo, "Nzuri, nzuri kabisa!" na yule mtu akapita akiamini kwamba baba amemsikia.

Hakuwa amemsikia. Baba alikuwa karibu kiziwi, na sisi nyumbani tulikuwa tukimfichia siri hiyo kwa miaka mingi.

Hatukukaa tukapanga kufanya hivyo. Mambo yalianza polepole tu. Kwa miaka kumi na minane baba alifanya kazi kando ya nyundo kubwa ya mashine, ile inayoponda chuma chekundu kinapotoka kwenye tanuri. Inapiga kutwa nzima, na ardhi inatetemeka chini ya miguu. Kiwanda hakikuwapa wafanyakazi kitu cha kuzibia masikio, kwa hiyo mama alimchambulia pamba kutoka kwenye mto uliochakaa, naye akaitia masikioni. Pamba ya mto haizuii nyundo. Kwanza baba aliacha kusikia mvua juu ya bati, kisha cherehani ya mama, kisha sisi.

Wenzake kazini walimwita Ndiyo-Ndiyo, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Siku moja waliuliza nani amekula chakula cha msimamizi, naye akajibu, "Ndiyo, ndiyo." Walicheka hadi wakashika mbavu, na baba akacheka pamoja nao bila kujua wanacheka nini. Mimi nilikuwa na jina langu pia. Majirani waliniita Kipaza, kwa vile kila neno la baba lilipitia kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kweli nilikuwa nimechoka. Usiku nikilala, hata shingo ilikuwa ikiniuma.

Kisha Jumamosi moja baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Shati lake lilikuwa limechanika begani na bega lenyewe limevimba. Alikuja na mwakilishi wa wafanyakazi, mtu mfupi mwenye bahasha ya makaratasi kwapani ambayo nadhani hata kuoga alioga nayo.

"Shemeji, mshukuru Mungu," alimwambia mama. "Winchi ilikuwa inapitisha mzigo wa chuma. Honi imepigwa mara tatu, sote tumekimbia. Huyu mumeo amesimama pale pale anafunga kamba ya kiatu! Mzigo umempitia hapa begani. Kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

Mama alikaa chini. Mwakilishi akamgeukia baba.

"Ndiyo-Ndiyo, tumekula sahani moja miaka tisa. Ulitaka kuniambia lini kwamba husikii?"

Baba alinitazama. Mimi, kwa mazoea, nikainamisha kichwa.

"Ndiyo," akajibu baba.

Mwakilishi alishusha pumzi ndefu. Alitutazama mmoja mmoja, na nikaona aibu mpaka nikaangalia sakafu. Kisha akatoa fomu kwenye bahasha.

"Sikilizeni. Mtu akikatwa kidole kazini, hakuna wa kubisha, kila mtu anaona kidole hakipo. Sikio ni tofauti. Linakwisha taratibu, na halitoki damu. Lakini ni jeraha la kazini vilevile, na lina fidia yake. Anachotakiwa ni kupimwa hospitali, fomu hii ijazwe, irudi kabla ya mwisho wa mwezi."

"Na wakisema anasikia?" mama aliuliza.

"Wakisema anasikia, basi msimamizi atasema alisikia honi akaipuuza. Huo ni uzembe, shemeji. Mzembe anafukuzwa, na hapewi kitu."

Wiki iliyofuata nilikwenda na baba hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Mpimaji alikuwa mama mmoja mnene, aliyevua viatu chini ya meza yake na kuviacha huko. Alipoona baba haelewi maelezo, aliniambia niingie nimsaidie.

Baba aliingizwa kwenye kijumba chenye dirisha la kioo. Akavalishwa hedifoni masikioni. "Mwambie nitampigia mlio," mpimaji aliniambia. "Akiusikia, anyooshe mkono. Asiposikia, atulie. Basi." Nilimweleza baba kwa midomo na vidole, naye akaelewa. Kisha nikakaa kwenye kiti nyuma ya mpimaji.

Kutoka pale niliona mashine yake. Kila alipobonyeza kitufe, taa ndogo ya kijani iliwaka. Na kutoka pale, kupitia kioo, macho ya baba yalikuwa juu ya uso wangu kama yalivyokuwa siku zote.

Taa ikawaka. Baba akanyoosha mkono. Taa ikawaka tena, naye akanyoosha tena. Nilifurahi. Nilijisemea moyoni, kumbe baba anajitahidi! Ilipofika karibu na mwisho ndipo nilipoisikia shingo yangu. Kila taa ilipowaka, nilikuwa nainamisha kichwa.

Nilijaribu kukaa kama jiwe, lakini zoezi lilikuwa limekwisha. Mpimaji alipiga muhuri, akaita mgonjwa mwingine. Pale koridoni nilisoma maneno aliyoandika: *Usikivu wa kawaida kwa umri wake.* Niliikunja karatasi haraka.

Baba hakuuliza kimeandikwa nini. Njia nzima alitembea akitazama chini, na mimi sikumpokea mfuko.

Siku mbili nilinyamaza. Niliogopa kwamba nikisema, watadhani tulifanya makusudi, na baba afungwe. Niliogopa pia kwamba mama atanitazama na kusema mimi ndiye niliyempotezea baba kazi. Sahani yangu niliisogeza mbele bila kuigusa. Mdogo wangu aliniuliza kama naumwa, nikamfokea bure, akalia.

Hospitali ilikuwa imepeleka nakala ya majibu kiwandani, na siku ya tatu mwakilishi alikuja na barua ya msimamizi. Baba alitakiwa aeleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa, kwa nini alisikia honi na hakuondoka. Mwakilishi hakutania hata kidogo. Aliiweka barua juu ya cherehani, na mama akaacha kushona. Baba alisimama dirishani akiwa ametugeuzia mgongo, hajui hata kama tunaongea.

Niliutazama ule mgongo, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ni mimi," nilisema. "Nilikuwa naiona taa. Ikiwaka, nainamisha kichwa. Baba alikuwa ananiangalia mimi. Hakusikia chochote. Sikukusudia, mama, kichwa kiliinama chenyewe." Kilio kikanishika hapo hapo.

Nilingoja kofi, lakini mama alinivuta kwake.

"Kichwa chako nani amekifundisha kuinama?" aliniuliza. "Si mimi? Ulipokuwa na miaka sita nilikuambia, mwangalizie baba yako wasimcheke. Hili ni letu sote, mwanangu. Kesho tunarudi huko."

Tulirudi watatu. Mpimaji alikuwa bado hana viatu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Uso wake ukakaza.

"Kwa hiyo mlinidanganya."

"Ndiyo, mama," nilijibu. "Lakini hatukupanga."

Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa na kumsogezea baba: *KIWANDANI ULIWAHI KUPIMWA?*

Baba alisoma. Mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa. Aliniangalia kwa mazoea, lakini mimi nilifumba macho ili asipate lolote kwangu.

"Kila mwaka," baba alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya juu, kama ya watu wasiojisikia wenyewe. "Nesi wa kiwanda alikuwa anabonyeza kitufe. Nilikuwa naangalia kidole chake. Kikishuka, nanyoosha mkono. Niliogopa wakijua wataniondoa, na watoto watakula nini? Nimesikia kwa macho miaka minane."

Mama alifunika uso na kanga. Hata yeye hakulijua hilo.

Mpimaji alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukalegea.

"Miaka ishirini niko kwenye kiti hiki," alisema. "Wanakuja watu wazima na masikio yao, wanajifanya viziwi ili walipwe. Leo ndiyo nakutana na kiziwi anayejifanya mzima. Binti, nenda ukakae nje. Na wewe baba, geukia ukuta," akamwonyesha kwa kidole.

Nilikaa koridoni nikishika magoti. Safari hii zoezi lilichukua muda mrefu. Mpimaji alimpima tena na tena, halafu akamrudisha baada ya siku mbili, ili ahakikishe majibu yanalingana. Yalilingana. Alinionyesha mchoro wa usikivu wa baba: mstari uliokuwa unatambaa juu ya karatasi, kisha ukaporomoka hadi chini. Aliandika barua ndefu ya kueleza kosa la kwanza lilivyotokea, hakuacha kitu, hata kichwa changu kilikuwamo. Ndipo akavaa viatu na kutusindikiza mlangoni.

"Nikuambie kitu, binti," alisema. "Ulimpenda baba yako, hilo halina ubishi. Lakini jeraha linalofichwa halitibiwi na halilipwi. Linaendelea kumla mtu, na mwishowe linaweza kumuua kama ule mzigo ulivyotaka kufanya. Ukimwona mtu ameumia kazini, msaidie kusema ukweli mapema. Huo ndio msaada. Na ukikosea, kama ulivyokosea, fanya kama ulivyofanya ulipokuja kuniambia kweli."

Fomu ilirudi siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Majibu yalichukua miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa mirefu. Mama alishona mpaka vidole vikapasuka. Lakini yalipokuja, yalikuwa mazuri: madai yamekubaliwa, baba alipwe fidia na apewe kifaa cha kumsaidia kusikia. Barua ya uzembe ilifutwa. Alihamishiwa stoo ya vifaa, mbali na nyundo. Mwakilishi naye alibeba bahasha yake ofisini kwa wakubwa kila siku, hadi wale waliobaki kwenye nyundo wakapewa viziba masikio vya kweli. Baadhi yao walikwenda kupimwa, wakiwa wamegeukia ukuta.

Kile kifaa hakikumrudishia baba masikio yake. Mpimaji alikuwa ametuambia mapema kwamba kilichokwenda kimekwenda, na baba bado husikia nusu nusu.

Jioni ile alipokivaa mara ya kwanza, tulikuwa tunakula. Mdogo wangu alikuwa anasimulia habari za shuleni, mdomo umejaa, maneno yanaruka ovyo. Alipomaliza alimtazama baba akingoja. Baba alinigeukia mimi. Shingo yangu ilitaka kuinama, nikaizuia.

Baba aliweka kijiko chini. Akamgeukia mtoto.

"Sikusikia," alisema. "Rudia, mwanangu. Taratibu."

Mdogo wangu akarudia yote tangu mwanzo, na mimi nikaendelea kula.