Nitakulisha Mimi

Siku fundi wa ving'ora alipomleta mke nyumbani, sanduku la king'ora alilolipigilia juu ya mlango miaka sita nyuma lilikohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu, kama mke mkubwa anayetaka mgeni ajue kuna mtu.

"Nini hicho?" bibi harusi akauliza.

"Vumbi." Wanaume na vumbi lao.

Kesho yake adhuhuri fundi akaita, "Mke wangu, niletee maji," sanduku likapiga ukelele mpaka glasi zikacheza kabatini. Keshokutwa vilevile. Akimwita dada yake, kimya. Akimwita jirani, kimya. "Mke wangu" tu. Na kila likilia, sebule inanuka marashi na plastiki iliyoungua.

Siku ya nne mke akaweka begi mlangoni. "Likilia tena, mimi kwa mama. Sikuja kugombea mume na bati."

Fundi akapanda ngazi huku akieleza, maana mafundi hawanyamazi hata wakiogopa. Mtambo wa ndani hulilisha sanduku umeme kwa waya saa zote, na sanduku lina betri yake ndogo tumboni. Mwizi akikata waya ili alinyamazishe, ndiyo kwanza linalia, kwa betri hiyo. Halilii kwa kuguswa. Linalia kwa kunyimwa.

"Kama mke," mke akasema.

Fundi akashuka na betri mkononi, akazima umeme wa nyumba nzima. "Haya, mke wangu, umeona—"

Likalia. Likalia bila betri wala umeme, na ndani ya kile kilio mlikuwa na pumzi, pumzi ya mwanamke aliyechoka kusubiri, na marashi yakateremka ukutani yakamzunguka bibi harusi shingoni kama mkono.

Akaletwa mganga, mama mnene asiye na haraka. Akalisikiliza sanduku kama anayepewa umbea.

"Siku unamfunga huyu hapa ulimwambia nini?"

"Maneno ya kazi tu, mama."

"Yaseme."

Fundi akaona haya. "Tulia bibie, nitakulisha mimi mpaka nife."

Mke akageuka taratibu. "Na mimi uliniambia nini?"

"Tulia bibie..." fundi akaanza.

"Yaleyale! Hata neno hukubadilisha!"

"Jini alikuwa anapita, akaitikia," mganga akanong'ona. "Miaka sita ni mkeo. Mwache kwa mdomo uleule."

Fundi akashika koleo. "Bibie, nimekuacha. Sikulishi tena." Akakata waya.

Kimya. Hata marashi yakakatika. Mganga akaenda zake. Mke akarudisha begi, akaitoa gauni yake nzuri kuliko zote, akaitundika mlangoni, chini ya sanduku kabisa, mwenye kuona aone.

Fundi akaja nyuma yake, akamshika bega, akafumbua mdomo amwite mke wangu, na kilichotoka kilikuwa ukelele, uleule wa sanduku, akauziba kwa mikono miwili ukapitia puani, na mke alipomwekea kiganja kifuani akakuta pa moto, panatetemeka, kama betri iliyolishwa miaka sita.