Milinganyo ya Semeni

Itangazwe Tanga nzima, kuanzia Ngamiani hadi Mabawa: mwaka 1999, mimi Yakoub, mtaalamu wa kompyuta, nilirudi likizo. Utaalamu wenyewe ni kwamba huko shule ya bweni niliwahi kuiwasha moja, ikazimika.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Shamba la mkonge lilikuwa limemwachisha baba kazi. Dada yangu Semeni, asiyeona, alikuwa darasa la saba. Baba alisema akishindwa hisabati katika mtihani wa majaribio, shule basi. Atabaki nyumbani kusuka ukili.

Karatasi za nukta nundu, zile zisomwazo kwa vidole, zilikuwa zimeadimika. Kilichobaki ni kompyuta ya shuleni kwake, inayosoma maandishi kwa sauti. Mwalimu Bibiana, jirani yetu, akaniomba niingize milinganyo ya kitabu cha hisabati.

Nikaipiga picha kwa skana ya pale shuleni, nikaiweka ndani. Kwenye kioo ilipendeza. Semeni akasikiliza, akanigeukia.

"Kaka, inasema hapa pana picha. Halafu picha tena. Nijumlishe picha?"

Mwalimu alinieleza kuwa mashine husoma herufi tu. Picha, kwake, ni ukuta. Nikaandika upya: x jumlisha tatu juu ya mbili ni sawa na tano. Semeni akajibu tatu na nusu. Kitabu kilisema saba. Nikamcheka. Mwalimu hakucheka.

"Mbili iko chini ya tatu peke yake, au chini ya vyote?" aliniuliza. "Wewe unauona mstari, mwenzio hauoni. Andika sehemu inapoanzia na inapoishia. Kisha zima kioo, usikilize mwenyewe. Ukipata jibu, ndipo umpe."

Nikaandika: sehemu inaanza, juu x jumlisha tatu, chini mbili, sehemu inaisha, ni sawa na tano. Nikazima kioo. Semeni akapata saba kabla yangu, akataka kujua kama huko bweni tunafundishwa au tunalishwa tu.

Alifaulu, lakini chupuchupu. Baba akakubali aendelee na shule. Wakati wa kula akanisifu mbele ya mama. Semeni akasubiri amalize.

"Baba, muulize kaka habari za sura ya mwisho. Aliniambia imefutwa. Robo ya mtihani imetoka humo."

Baba akaacha kula, akanitazama. Nikakiri. Sura haikufutwa na mtu. Ilikuwa ndefu, na uwanjani Mkwakwani kulikuwa na mpira.