Jua la Kwenye Skrini

Saa moja asubuhi Mama Pindo alifungua karakana yake ya ushonaji, akapiga ukelele. Sare za shule nzima, zilizokuwa tayari kupelekwa, zilichuruzika maji. Juu hapakuwa na bati hata moja. Fundi paa alikuwa ameyang'oa jana ili aweke mapya, na mvua ilikuwa bado ikinyesha.

Dada yake, polisi mstaafu waliyemwita Koplo, alifika mbio.

"Ni yule fundi wa kompyuta!" Mama Pindo alifoka. "Nilikataa asimwoe binti yangu, kanilipizia kisasi! Programu zake za bure ziliniambia jua litawaka!"

Kijana mwenyewe alikuwa mlangoni, amelowa chapachapa. Nyuma yake walisimama washonaji wanawake, na fundi paa na ngazi yake. "Mama, programu huria, hizi za bure, haina kinyongo. Kwangu imeonyesha mvua tangu juzi."

Koplo aliingia ofisini. Kwenye skrini jua liling'aa. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mji wa jangwani. Akatoka, akafunga mlango.

"Kompyuta imechezewa," alisema, bila kutaja zaidi. "Jana nani aliingia?"

"Mimi, na fundi paa alipokuja kuchaji simu," Mama Pindo alijibu. "Mawingu yalinitisha, nikataka tuahirishe. Akaniambia nitazame kompyuta."

Koplo akamgeukia kijana. "Unaweza kuibadilisha ukiwa kwako?"

Kijana akaitikia kwa kichwa. "Naweza."

"Mnasikia!" Mama Pindo akapiga makofi.

"Basi mhalifu mnaye," fundi paa akadakia. "Mimi hata kuiwasha sijui. Mji wa jangwani ningeuandikaje?"

Koplo alimsogelea. "Nani kakutajia jangwa?"

Fundi paa akarudi nyuma hatua moja.

"Sema!"

"Kesho naanza kazi ya ghala," alinong'ona. "Mngeahirisha, ningeikosa. Nilidhani mvua itapita pembeni."

"Ulidhani!" Koplo aling'aka. "Umelowesha jasho la wanawake hawa, kisha ukatulia tuli mtoto wa watu akiitwa mhalifu! Huna hata haya?"

Fundi paa akanyoosha mkono kwenye ngazi yake. Koplo akaikanyaga.

"Haitoki. Panda urudishe bati. Polisi watakukuta huko huko juu, na sare utazilipa."

Mama Pindo alimgeukia kijana. "Mwanangu, mimi..."

"Baadaye, mama," alisema, mikono tayari imejaa sare. "Shika upande huo tukamue."