Kisigino cha Shangazi Osmunda

Kikwato cha saba, mashine ndogo ya kulima, kilijipachika kwenye mteremko wa Lihutu kama mbuzi aliyezaliwa mlimani, miguu yake sita imeng'ang'ania ardhi, kikalaza fungu la nyasi kavu bila kupinda hata unyasi mmoja. Kisha mguu wa mbele, wenye ncha ya jembe, ukachota udongo katikati ya mraba na kuumwaga juu ya nyasi. Pah. Pah. Pah. Dakika nne hazijapita, shimo likawa tayari: upana wa hatua mbili, kina cha goti, na matuta manne yaliyolizunguka yamenyooka kama yamepigwa rula. Vikwato vingine kumi na kimoja vilifanya vivyo hivyo kando yake, kwa mwendo mmoja, bila kuimba, bila kutaniana, bila kuomba maji ya kunywa.

Ditram Kapinga alisimama juu ya mteremko, mikono nyuma, akivitazama. Vyote hivyo vilijifunza kwake. Alipaswa kuona fahari. Alichoona ni wanafunzi kumi na wawili wanaorudia kosa la mwalimu kwa mwandiko mzuri.

Ngoro ni kilimo cha mashimo, na Wamatengo wa Mbinga wamekilima vizazi na vizazi. Nyasi hufyekwa, hukaushwa, kisha hulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima wote uonekane umetandazwa wavu. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi, na maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua ikija, maji hutua shimoni badala ya kukimbia na udongo. Nyasi zikioza, zinalisha mmea. Huhitaji mbolea ya dukani wala dawa ya kopo. Mwaka huu wa 2088, mvua ya mwezi mzima inapoweza kumwagika kwa siku mbili, milima mingi ya nchi ilikuwa imekwisha kumomonyoka ikabaki mifupa. Umatengo ulikuwa bado una nyama. Ndiyo maana watafiti walikuja.

Walikuja na maneno laini. Tutafanya kazi pamoja, walisema. Mkulima ni mtafiti na mtafiti ni mkulima. Dokta Koku Rwegasira, mwanamke mrefu kutoka Bukoba, mpole, mwenye tabia ya kugusa udongo kwa ulimi kabla ya kuupima kwa mashine, alimchagua Ditram kwa sababu alikuwa na mstari ulionyooka kuliko wote kijijini. Kwa wiki sita Ditram alivaa glavu-mwanafunzi, glavu nyembamba yenye nyuzi elfu mbili za kuhisi, na kila mkono wake ulichofanya kilisafiri mpaka kwenye Bongo-shamba, akili unde iliyokaa ndani ya kontena jeupe kando ya shule. Bongo-shamba ikavifundisha vikwato.

Lakini usiku wa kuamkia somo la kwanza, jiko la Shangazi Osmunda lilijaa watu.

"Mnakumbuka maharage yetu ya madoa?" Osmunda aliuliza usiku huo. Nani angesahau? Watafiti wengine, wa miaka ishirini nyuma, waliomba kibaba kimoja tu cha kuchunguza. Maharage yalirudi ndani ya pakiti zinazong'aa, yana jina la watu wasiojulikana, na ukiyapanda mara ya pili hayaoti. "Basi safari hii tunawapa mkono. Mguu hatuwapi."

Mguu ndio uliokuwa siri. Baada ya nyasi kulazwa, kabla udongo haujamwagwa, wanawake hupita juu yake peku, kisigino baada ya kisigino, wakizikandamiza mpaka ziume ardhi. Tendo hilo halina jina. Mtoto wa kike hulianza kabla hajajua kuhesabu. Na glavu haijui miguu. Wiki zote sita, siku za somo, hakuna mwanamke wa Lihutu aliyekanyaga unyasi hata mmoja. Ditram alilaza, akafunika, akatabasamu. Alijiona mjanja mno.

Sasa vikwato vilikuwa vimechimba ngoro mia tatu kwenye mteremko ulio juu kabisa ya kijiji.

Jumatano ilinyesha mvua ndogo, ya kulowesha mashati tu. Alhamisi asubuhi Ditram alipanda kukagua. Matuta yalikuwa mazuri ya kupigwa picha. Lakini chini ya tuta la nne aliona uzi wa maji ya tope ukitoka pasipo na tundu. Akapiga magoti, akachomeka mkono. Mkono ulizama mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa wazi. Maji yalikuwa yamejitafutia njia kati ya nyasi na ardhi, na tuta zima lilikaa juu ya hewa kama mkate uliovimba.

Akajaribu tuta la tano. La tisa. La ishirini. Yote matupu.

Alitazama chini. Nyumba saba, chemchemi ya kijiji, na katika nyumba ya tatu binti wa Osmunda, Eufrasia, aliyejifungua siku tisa zilizopita. Taarifa ya hali ya hewa ilikuwa imeshatolewa: mvua kubwa, kesho alasiri.

Hakwenda kwa Dokta. Alikwenda kwanza kwa shangazi yake, aliyekuwa akipepeta maharage uani.

"Tuwaambie," alisema.

"Tuwaambie nini?"

"Kisigino."

Ungo ulisimama. "Ditram, umelewa asubuhi hii?"

"Matuta ni matupu, Shangazi. Mvua ya kesho ikishuka, mlima unashuka nao."

"Tutamhamisha Eufrasia na wenzake waje huku. Wacha mlima uanguke, waone mashine zao zilivyo takataka."

"Watu watahama. Udongo ukienda utaurudisha na ungo huo? Na chemchemi?"

Osmunda aliuegemeza ungo gotini. "Wewe ulisaini karatasi yao ya makubaliano," alisema. "Uliisoma?"

"Nilisoma."

"Yote?"

 Karatasi ilikuwa na kurasa arobaini na moja, naye Ditram alisoma tatu, kwa sauti, mbele ya watu, ili aonekane msomi.

"Nenda," Osmunda alisema, akirudi kwenye maharage yake. "Ila ukishawapa kisigino, usije kuniomba nikupe kichwa."

Dokta Koku alikuwa ndani ya kontena, kwenye baridi ya mitambo, akila ndizi. Ditram alieleza yote akiwa amesimama. Alitarajia hasira. Alipoona mwanamke yule ameweka ndizi mezani polepole, bila mshangao, damu yake ikachemka.

"Ulijua," alisema.

"Nilihisi." Dokta aligusa kioo, michoro miwili ya udongo ikajitokeza. "Haya ni matuta ya zamani ya bibi zenu. Haya ya vikwato. Ya zamani yameshikamana karibu mara mbili. Nimepima mara tatu, nikajiambia kipimo ni kibovu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungeniambia ukweli?"

Ditram aligeukia ile michoro.

"Na mimi nimeshapeleka taarifa," Dokta alisema, sauti imeshuka. "Nimeandika mteremko uko salama. Wakubwa wangu waliitaka Jumatatu, nikaipeleka Jumatatu. Kwa hiyo usinitazame hivyo, baba. Tumedanganya wote wawili, na nyumba ni zile zile saba."

"Tofauti ni kwamba wewe unaweza kupanda gari ukaondoka."

"Kweli," alisema Dokta. Hakujitetea. Jambo hilo lilimsumbua Ditram kuliko kama angejitetea. Mtu anayekubali upesi hivyo, huenda ana kingine anachokificha.

"Vikwato vikanyage basi," akasema. "Viko kumi na viwili, vitamaliza leo."

Dokta Koku alitikisa kichwa. "Kila kimoja kina kilo ishirini na sita. Tuliviunda vyepesi kwa makusudi, ili visiugandamize udongo ukashindwa kupumua. Vikikanyaga ni sawa na kuku amepita." Alivua miwani. "Vinaweza kufukua matuta na kulaza nyasi upya. Kukanyaga ni lazima wakanyage watu."

Ditram nusura acheke. Hivyo siri waliyoificha kwa wiki sita ndiyo kitu pekee ambacho mashine isingeweza kukiiba. Alishuka mbio mpaka uani kwa Osmunda na kumwambia hivyo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo shangazi yake akacheka, kicheko cha kifua, akauweka ungo chini na kufunga kanga kiunoni.

"Kumbe wanatuhitaji! Haya, twende tukawakanyagie."

Siku nzima alizunguka nyumba kwa nyumba akiita wenzake, na Ijumaa alfajiri wanawake arobaini na watatu walipanda mteremko peku. Vikwato vilitangulia vikifumua matuta. Wanaume wakanyoosha mistari. Wanawake wakafuata kisigino baada ya kisigino. Vikwato vingine vikaja nyuma kufunika. Wimbo ukaanza wenyewe. Mwanamke mmoja alimtania Dokta, aliyevua viatu akaingia mstarini: "Dokta, hapo unabembeleza nyasi au unazilaza? Kandamiza! Usiogope, hazitakushtaki!" Dokta akacheka, akateleza, akainuka na tope mpaka kwenye nywele. Hata Ditram alicheka. Kwa saa kadhaa ilikuwa vigumu kusema nani ni mtafiti na nani ni mkulima, kama ile karatasi ilivyoahidi katika ukurasa wake wa kwanza.

Lakini Ditram alikuwa na macho yasiyopumzika. Saa sita hivi aliona kikwato cha saba hakifuniki tena. Kilikuwa kimesimama nyuma ya Osmunda, jicho lake la kioo limeinamishwa, likifuata kisigino chake. Osmunda akisogea, nacho kinasogea.

"Kile kinafanya nini?" alimuuliza Dokta.

"Kinajifunza. Vyote vinajifunza muda wote, huwezi kuvizuia."

"Wewe huwezi, au haiwezekani?"

Dokta alipangusa tope shavuni. "Mimi siwezi. Swichi hiyo haiko Lihutu."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka mpaka kwenye kilele cha mlima wa pili. Zilibaki ngoro kumi na tisa, zote juu ya paa la Eufrasia. Ndipo kikwato cha saba kikazungumza. Vikwato havikuwa na mazoea ya kuzungumza. Sauti yake ilikuwa ya kike, ya adabu, yenye lafudhi ya mjini.

"Shikamoo, Mama. Samahani kwa usumbufu. Naomba kujua uzito wako, kwa kilo."

Wimbo ulikatika. Wanawake arobaini na wawili waligeuka kumtazama Osmunda, Osmunda akamgeukia Ditram, naye Ditram akamkazia macho Dokta Koku.

"Swali hilo umeliweka wewe?"

"Hapana." Uso wa Dokta ulikuwa umepauka chini ya tope. "Nakuapia. Limetoka kwa wanaounda toleo lijalo la vikwato. Ditram, mimi sikujua wangefika huko haraka hivi."

"Toleo lijalo litakuwa zito."

"Litakuwa na uzito wa mtu."

Ditram aliona yote kwa mpigo mmoja: mteremko mwingine, nchi nyingine, vikwato vyenye visigino, na hapa Lihutu wanawake wamekaa barazani wakisubiri kuitwa, hawaitwi. Uongo ulimjia mdomoni tayari umeiva. Kilo tisini. Au thelathini. Namba yoyote ya kuiharibu mashine hiyo milele. Lakini tuta bovu la kesho lingekuwa juu ya paa la nani? La Eufrasia mwingine, asiyemjua, kwenye mlima asioujua. Akaumeza uongo wake.

Tone la kwanza likaanguka, kubwa kama punje ya harage.

"Hamsini na mbili," Osmunda alisema mwenyewe, kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo. "Na uandike hivi: ni Osmunda Ndunguru, bila viatu, na nimezaa watoto sita. Uwaambie wakuwekee na hilo."

"Asante, Mama. Taarifa za ziada hazihitajiki."

Osmunda akasonya. Kisha akainua mguu na kuendelea, kwa sababu zilibaki ngoro kumi na tisa na mvua ilikuwa inakuja. Wenzake wakafuata, safari hii bila wimbo. Ditram akavua viatu vyake akaingia mstarini karibu na Dokta, wala hawakutazamana.

Nyuma yao kikwato cha saba kiliinua mguu mmoja, kikaushusha pale pale kisigino cha Osmunda kilipotoka. Hakikuacha alama. Kikauinua tena, juu zaidi, kikaushusha kwa nguvu.