Sanamu Iliyofukiwa Nallurkudi

Chumba cha nyuma ya duka la vyombo vya shaba, Kumbakonam, kusini mwa India. Feni ilikuwa imekufa. Ilango alichora kwa chaki sakafuni: lango, ukumbi, nguzo za hekalu.

"Wazee waliifukia sanamu ya mungu wa kike hapa, majeshi ya Delhi yalipokuja kupora. Miaka mia saba. Mpaka leo kalala."

"Nani kasema?" aliuliza Poongodi, dada yake.

"Mumeo."

Sudalai alitafuna tambuu. Alikuwa mwashi, msimu uliopita alifanya ukarabati kwenye hekalu hilo la Nallurkudi, lililojengwa na wafalme wa kale wa Chola.

"Kuna bamba la jiwe lilipachikwa sakafuni baadaye," alisema. "Limeziba miguu ya wacheza ngoma waliochongwa ukutani. Lakini jengo lile halina chokaa wala saruji, shemeji. Jiwe limebebwa na jiwe. Tukitoa hilo, nguzo ya pembeni itataka jeki mbili."

"Zitakuwepo. Acha uoga."

Saa saba mchana. Makuhani wamefunga milango, miungu imelala, kijiji kinakula. Poongodi aliketi langoni na kikapu cha yasmini, macho barabarani. Wanaume waliingia kwa ufunguo ambao Sudalai hakuwahi kuurudisha.

Jeki ilikuwa moja. Sudalai aliitazama, kisha akamtazama Ilango.

"Nyingine iko wapi?"

"Sikuipata. Unashuka shimoni, au nimwite dada ashuke?"

Waliitegemeza nguzo kwa jeki hiyo moja, wakang'oa bamba, naye akashuka.

Saa nane kasorobo. Mungu wa kike alitokea mikononi mwa Sudalai na udongo masikioni, kiuno kimepinda, anatabasamu.

"Mama," Sudalai alinong'ona. Kwa muda alisahau kwamba anaiba.

Ilango aliivuta sanamu juu, akaitia guniani. Hapo nguzo ikalia. Jeki ikateleza.

"Shika nguzo, shemeji! Shika!" Sudalai alipaza sauti toka shimoni.

Mikono yote miwili ya Ilango ilikuwa imekumbatia gunia. Akaondoka nalo.

"Mume wangu yuko wapi?" Poongodi aliuliza langoni.

"Anafukia shimo. Panda gari."

Hakumtazama usoni. Ndani, mtu akapiga ukelele. Poongodi alitupa kikapu, akakimbia kuelekea sauti ile. Nyuma yake gari likaondoka.

Bamba lilikuwa limeanguka shimoni na kulibana paja la mumewe. Alisukuma kwa bega mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wapi.

"Toroka, we mwanamke," Sudalai alisema. "Watakufunga."

Poongodi aliikamata kamba ya kengele kubwa, akaivuta kama mwendawazimu.

Kengele, saa hizi! Watu walikuja mbio, wali bado umewaganda vidoleni. Hawakuuliza. Waliinua jiwe kwanza, wakamtoa Sudalai. Ndipo kuhani alipoliona shimo, na udongo uliobaki na umbo la mwili mwembamba. Akaketi ukingoni mwake.

"Mlikuwa wangapi?"

"Wawili," Sudalai alijibu, akimfinya mkewe mkono anyamaze.

Poongodi akauchomoa mkono wake.

"Watatu. Gari jeupe, limeshika barabara ya Thanjavur. Anaitwa Ilango. Tumenyonya ziwa moja."