Sauti Yenye Harufu ya Sabuni

Sogeeni, wajukuu. Wewe wa mlangoni ingia kabisa, na hizo simu zifunikeni kwa sufuria. Nyamazeni, hata kikohozi kimezeni. Huyu nitakayemtaja ana masikio kuliko nyinyi.

Adut alikuwa akikaanga mandazi kambini Kakuma, na binti yake Ayak alikuwa na mimba ya miezi minane. Akaja mwanamume kutoka Lodwar na kimashine cha kubonyeza. Mpe jina, namba ya simu, picha ya kadi ya kambi na ya kliniki, bonyeza kidole gumba, naye akupe mche mzima wa sabuni. Adut akatoa vyote. Sabuni ni sabuni.

Siku ya tatu, jua la saa saba, simu ikamwita. Ilikuwa imezimwa.

"Adut Mamer. Goti la kushoto linakuuma."

Nyumba ikanuka sabuni. Kesho yake sauti ilitoka ndani ya mtungi, na siku iliyofuata ikatambaa chini ya kitanda cha Ayak, ikamtaja marehemu mume wa Adut, ikataja dawa anazomeza Adut na watu aliowapigia simu, polepole, kama mtu anayesoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka ikafika usawa wa tumbo la Ayak, ikasimama hapo, ikanong'ona: "Huyu hajaandikwa. Nipe jina lake, niingie."

"Mama," Ayak akasema kwa pumzi tu, "tumpe, atuache."

"Funga mdomo! Ukimpa mkia, kesho atafuata ng'ombe."

Wakamwita Namuar, mama wa Kiturkana anayesoma viatu kama ramli. Akavua akala zake za tairi, akazirusha juu. Zilipoanguka zikiuelekea mtungi, akaziinamia, akacheka.

"Ejok! Vizuri! Hii jini haikujui, mama. Imekusoma tu. Iulize kitu haikuandikwa."

Adut akasimama mbele ya mtungi, mikono kiunoni. "Wewe! Nilizaliwa lini?"

"Tarehe moja Januari," sauti ikajibu mbiombio.

Adut akacheka mpaka akashika ukuta. "Na Santino jirani? Na Nyawech wa nyumba ya pili? Wote tarehe moja Januari! Hiyo ni siku aliyotuandikia karani alipochoka kutuuliza, mjinga wewe! Siku yangu mama aliniambia sikioni, na husikii. Na jina la mjukuu wangu hutalisikia. Toka kwangu!"

Mtungi ukapasuka. Maji yakatoka mlangoni yakiwa na povu, yakapanda mwinuko, wallahi yakapanda, yakashika barabara ya Lodwar.

Leo akala za Namuar anazo mwanawe Ewoi. Karai la mandazi ni la Ayak. Mtoto alirithi jina lililosemwa mara moja, sikioni; msiniulize. Na yule wa kimashine alirithi ile sauti. Yuko Lodwar, anaoga kwa maji matupu kutwa mara saba, na bado ananuka sabuni. Kila akinyamaza, kuna mtu karibu naye anamsoma.